Vidonge au pampu: CAPOX na FOLFOX kwa mgonjwa wa kansa ya utumbo mpana anayeishi Goma

Mgonjwa aliyekwisha kupasuliwa kansa ya utumbo mpana, na majibu ya maabara yakaonyesha kwamba imeingia kwenye tezi za limfu, mara nyingi huwekewa mezani njia mbili za kemo. Ya kwanza ni FOLFOX: dawa zote hupitia mshipani na kumalizikia kwenye pampu ndogo inayovaliwa saa 46. Ya pili ni CAPOX: dripu ya siku moja, kisha vidonge vya kapesitabini nyumbani kwa wiki mbili.

Dawa zenyewe ni za ukoo mmoja. Kapesitabini ikishamezwa, mwili huigeuza kuwa fluorourasili, ileile iliyomo ndani ya pampu. Oksaliplatini, dawa ya dripu, iko pande zote mbili. Kwa kazi ya kuzuia kansa isirudi zinakaribiana sana, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba vidonge ni "kemo nyepesi". Tofauti iko kwenye madhara: yanakuja lini, yanakukuta wapi, na nani yuko karibu wa kusema "simamisha dawa". Kwa mtu anayetibiwa ng'ambo ya mpaka, Rwanda, na kulala mitaa ya Goma kama Himbi, Katindo au Majengo, hilo la mwisho lina uzito kuliko yote.

| | FOLFOX | CAPOX |
|---|---|---|
| Mzunguko | kila siku 14 | kila siku 21 |
| Mizunguko | 12 kwa miezi 6, au 6 kwa miezi 3 | 8 kwa miezi 6, au 4 kwa miezi 3 |
| Oksaliplatini | 85 mg kwa m², saa 2 | 130 mg kwa m², saa 2 |
| Dawa inayofuata | leukovorini (ya kuipa fluorourasili nguvu) 400 mg, fluorourasili 400 mg ya haraka, kisha 2,400 mg kwa saa 46 (zote kwa m²) | kapesitabini 1,000 mg kwa m² asubuhi na jioni, siku 14, kisha mapumziko siku 7 |
| Mshipa | kijisanduku cha sindano chini ya ngozi ya kifua | mshipa wa mkono mara nyingi unatosha |
| Madhara yanayozidi upande huu | chembe nyeupe za damu kushuka, vidonda vya mdomo | kuhara, viganja na nyayo kuungua |

Hiyo "m²" ni eneo la mwili, linalokokotolewa kwa urefu na uzito. Mtu mwenye 1.6 m² kwenye CAPOX atapata takriban 1,500 mg za kapesitabini kila mara, yaani vidonge 3 vya 500 mg asubuhi na 3 jioni, vidonge 84 kwa mzunguko. Ukipungua uzito sana baada ya upasuaji, omba upimwe upya. Hesabu ya mwezi uliopita haikufai tena.

Safari

Wagonjwa wengi wa Goma huvuka kwenda Kigali, au Butaro katika wilaya ya Burera, ambako kituo cha kansa kilifunguliwa 2012. Kutoka Gisenyi, mji wa Rwanda unaopakana na Goma, hadi Kigali ni karibu kilomita 155 za milima na kona. FOLFOX ya miezi sita ni safari 12, na kila safari ni siku tatu: kupimwa damu na kuwekewa dawa, kukaa na pampu, kisha kuitoa. CAPOX ni safari 8 za siku moja au mbili.

Wengine hufikiri watawekewa pampu Kigali na kurudi nayo nyumbani. Inawezekana kwa sharti moja: awepo Goma muuguzi aliyefundishwa kuchomoa sindano ya Huber (ile inayochomwa kwenye kijisanduku), kusafisha kijisanduku kwa maji ya chumvi ya hospitali, na kutupa vifaa vyenye mabaki ya kemo mahali salama. Muuguzi wa mtaani anayejua dripu tu hatoshi. Kisha fikiria mpaka. Vita vya Januari 2025 vilifunga uwanja wa ndege wa Goma na kukata barabara. Mtu mwenye mfuko wa vidonge vya wiki mbili anaweza kuvumilia siku chache za kukwama. Mwenye pampu iliyokwisha, sindano ingali kifuani, yuko katika hatari ya damu kuganda ndani ya mrija na vijidudu kuingia.

Hapa CAPOX inashinda waziwazi. Lakini ushindi huo una bei yake, na bei hiyo inalipiwa nyumbani.

Pampu inavyofanya kazi, na inavyoharibika

Pampu inayotumika sana haina betri wala umeme. Ni kipira ndani ya chupa ya plastiki. Kipira kinasinyaa polepole na kusukuma dawa kupitia kijidude kidogo cha kupunguza kasi ambacho hubandikwa kwenye ngozi. Ngozi ndiyo inayokipa joto lake sahihi. Kikining'inia nje kwenye ubaridi, dawa hupungua kasi. Ukiilaza pampu karibu na jiko la makaa, itakimbia.

Baada ya saa 24 kipira kiwe kimebaki kama nusu. Kama hakijapungua, angalia mambo matatu: kibano kiko wazi? mrija haujakunjwa chini ya nguo? plasta haijaachia? Kama kimekwisha saa nyingi kabla ya wakati, piga simu hospitali hapohapo hata kama unajisikia vizuri, kwa sababu dawa iliyoingia haraka huonyesha ubaya wake siku zinazofuata. Ukiona majimaji, funga kibano, usiguse kwa mkono mtupu, osha ngozi kwa sabuni na maji mengi. Homa yenye kutetemeka muda mfupi baada ya kijisanduku kusafishwa ni dalili kwamba chenyewe kimeingiwa na vijidudu. Mkono au shingo kuvimba upande wa kijisanduku kunaashiria damu iliyoganda.

Pampu zikikosekana, FOLFOX hufanywa kwa kulazwa siku mbili kwenye dripu. Dripu inayohesabiwa matone kwa macho usiku kucha haina uhakika. Kama hicho ndicho kinachopatikana, CAPOX ni salama zaidi.

Kuhara: hapa ndipo vidonge vinapoumiza watu

Kosa linalojirudia zaidi kwa watu wa vidonge ni uvumilivu. Dawa imenunuliwa kwa dola, familia imechanga, na mgonjwa anaona haya kuacha siku ya tisa. Basi anaendelea kumeza huku anahara mara saba kwa siku, na siku ya kumi na mbili anafikishwa hospitali figo zimesimama. Kapesitabini inatoka kwa njia ya figo. Maji yakipungua mwilini, dawa inabaki ndani na sumu inapanda.

Kanuni ni hii. Hesabu unavyokwenda choo kwa siku ya kawaida. Ukizidisha mara 4 au zaidi juu ya hapo, au ukaanza kuamshwa usiku na tumbo, acha vidonge siku hiyohiyo, kisha piga simu. Vile ulivyoruka havilipwi baadaye: havirudishwi, haviongezwi mwisho wa mzunguko. Kuacha kwa siku chache kwa sababu ya madhara hakuharibu tiba, ila kuendelea kunaweza kukuua. Mwenye mfuko wa haja tumboni asihesabu mara. Aangalie ujazo na wepesi wa kinachotoka.

Loperamidi: 4 mg kwanza (vidonge 2), kisha 2 mg baada ya kila choo cha maji, isizidi 16 mg kwa siku. Usiitumie ukiwa na homa au damu kwenye choo. Na Goma kuna kipindupindu: choo kikiwa kama maji ya mchele, nenda kituo cha kipindupindu na useme mlangoni kwamba uko kwenye kemo. Maji ya ORS: pakiti moja kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa au kutiwa klorini. Pakiti zikikosekana, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, kwa lita moja. Chumvi ikizidi ni mbaya kuliko ikipungua. Katika siku hizo sombe (majani ya muhogo), maharage na maziwa vipumzike. Wali, makemba (ndizi za kupika) ya kuchemsha, ndizi mbivu na viazi vinatulia tumboni.

Kwenye FOLFOX kuhara kupo pia, lakini kwa kawaida ni kidogo. Tatizo ni kwamba kukikupata, dawa imekwisha kuingia yote. Hakuna kidonge cha kuacha. Hiyo ni faida ya CAPOX ambayo watu hawaisemi: breki iko mkononi mwako, ila lazima uikanyage.

Kwa njia zote mbili, watu wachache huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha DPD kinachovunja fluorourasili. Kwao dozi ya kawaida ni sumu. Mamlaka ya dawa ya Ulaya ilishauri kipimo hicho mwaka 2020. Kama hakipatikani, basi mzunguko wa kwanza uangaliwe kwa macho mawili: mdomo kuchubuka na kuhara sana ndani ya wiki ya kwanza si "mwili unazoea dawa". Simamisha.

Viganja na nyayo

Huu ni ugonjwa wa CAPOX zaidi. Vitabu vinasema ngozi inakuwa nyekundu. Kwenye ngozi nyeusi mara nyingi huoni wekundu. Unaona viganja vinakuwa vyeusi, hasa kwenye mikunjo ya vidole, vinakaza na kung'aa, kisha vinachomachoma kama umeshika pilipili. Ikifika maumivu ya kukuzuia kazi, acha vidonge mpaka yatulie. Mara ya kwanza ya kiwango hicho cha kati, daktari kwa kawaida hurudisha dozi ileile. Mara ya pili hushusha hadi 75%, ya tatu 50%. Ngozi ikipasuka na kutoa malengelenge, hushushwa mara moja.

Kinachoharakisha ni joto na msuguano: kutwanga sombe kwenye kinu, kufua kwa maji ya moto, kusukuma chukudu (baiskeli ya mbao ya mizigo), kutembea na ndala nyembamba juu ya mawe ya volkano. Kazi hizo zigawiwe wengine kwa siku 14 za vidonge. Vaa viatu vipana vyenye soli laini na soksi za pamba.

Krimu ya urea 10% mara tatu kwa siku inasaidia. Ila kuna kitu cha bei ndogo zaidi: jeli ya diklofenaki 1%, ile ya maumivu ya misuli inayouzwa karibu kila duka la dawa. Jaribio la India lililotangazwa 2024 liliipaka viganjani mara mbili kwa siku, na walioumia kwa kiwango cha kati au kikali walishuka kutoka 15 kwa 100 hadi karibu 4 kwa 100. Vidonge vya vitamini B6 vimejaribiwa tena na tena bila faida. Usitumie pesa huko.

Baridi na ganzi

Hapa njia mbili zinafanana kwa kiasi kikubwa, kwa sababu mkosaji ni oksaliplatini. Kwa siku kama tano baada ya dripu, kitu cha baridi kinapiga vidole kama umeme, na maji baridi yanakaza koo hadi unahisi pumzi imekatika. Haikatiki; kunywa kitu cha vuguvugu polepole na itapita. CAPOX ina dozi kubwa zaidi kwa mara moja, hivyo siku hizo zinaweza kuwa kali zaidi, lakini zinakuja kila wiki tatu badala ya mbili. Goma iko kama mita 1,500 juu ya bahari, na barabara ya Musanze ni baridi kuliko Goma. Funga kitambaa puani na mdomoni, vaa glavu, na usirudi nyumbani kwa pikipiki jioni ile. Maji ya kuoga yapashwe. Ukitibiwa CAPOX kwa mshipa wa mkono, mkono wenyewe unaweza kuuma sana wakati wa dripu: kitambaa cha moto juu yake, na kupunguza kasi kutoka saa 2 hadi 4 au 6, hutuliza. Dripu hiyo lazima iwe ya glukozi 5%, kamwe si ya chumvi, kwa sababu kloridi iliyomo kwenye chumvi huiharibu oksaliplatini.

Ganzi inayobaki ni jambo jingine. Inajikusanya: mizunguko 12 ya FOLFOX ni 1,020 mg kwa m², mizunguko 8 ya CAPOX ni 1,040, karibu sawa. Ukishindwa kufunga vifungo vya shati au kutofautisha noti ya franki 500 na ya 1,000 kwa vidole bila kuangalia, sema kabla ya dripu ijayo. Oksaliplatini inaweza kupunguzwa au kutolewa, na dawa nyingine ikaendelea. Ganzi inaweza hata kuzidi kwa miezi miwili au mitatu baada ya kumaliza.

Kwa hiyo uliza swali kubwa zaidi kuliko la vidonge au pampu: miezi mitatu au sita? Utafiti wa IDEA wa 2018, uliokusanya wagonjwa zaidi ya 12,000, ulionyesha kwamba kwa kansa ambayo haijatoboa utando wa nje wa utumbo wala kuingia viungo vya jirani, na tezi zilizoingiwa hazizidi tatu, miezi mitatu ya CAPOX ilikuwa na matokeo yaleyale ya miezi sita. Ganzi ya kusumbua ilishuka kutoka karibu 45 kwa 100 hadi karibu 15 kwa 100. Kwa FOLFOX ya miezi mitatu uhakika huo haukuwa imara. Kwa mtu mwenye hali hiyo, hoja hii peke yake inaipendelea CAPOX: safari nne, na vidole vyako unabaki navyo.

Mdomo, kichefuchefu

Vidonda vya mdomo ni zaidi vya FOLFOX. Sukutua mara nne au tano kwa siku: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, kijiko kidogo cha chumvi na kijiko kidogo cha bikaboneti. Utasikia ushauri wa kumung'unya barafu wakati wa sindano ya haraka ya fluorourasili. Ni ushauri mzuri kwa fluorourasili peke yake, lakini ukiwa na oksaliplatini mwilini barafu ni adui.

Kichefuchefu hakitofautiani sana. Ondansetroni pamoja na deksamethasoni kabla ya dripu hutosha wengi. Ikikaidi, olanzapini 2.5 hadi 5 mg usiku, dawa ya bei ndogo ambayo wengi hawaiulizi.

Kumeza ipasavyo

Kapesitabini inamezwa ndani ya dakika 30 baada ya kula, kwa maji, saa 12 kati ya dozi. Nyumba inayokula mara moja jioni inabidi impangie mgonjwa chakula cha asubuhi. Kikombe kikubwa cha uji wa soya na mtama kinatosha. Usivisage vidonge, na mjamzito asivishike.

Baada ya upasuaji, wengi hupewa chuma kwa upungufu wa damu, na kinachopatikana kirahisi ni kile cha kliniki ya wajawazito, chenye asidi foliki ndani. Asidi foliki inaongeza ukali wa kapesitabini. Omba chuma kitupu. Mubirizi na dawa nyingine za majani ziachwe. Baadhi zinaharisha, na utashindwa kujua ni ipi iliyokuharisha. Anayetumia warfarini abadilishiwe dawa ya damu, kwa kuwa kapesitabini, na hata fluorourasili ya FOLFOX, ikigongana nayo inaweza kuleta kutokwa damu vibaya. Fenitoini ya kifafa ina shida hiyohiyo ya kugongana.

Homa

38°C au zaidi, kwa njia yoyote ile, ni hospitali saa hiyohiyo, hasa siku ya 7 hadi 14 ambapo chembe nyeupe ziko chini kabisa. FOLFOX inazishusha zaidi. Goma kila homa huanza kuitwa malaria. Kipimo cha malaria kifanywe, sawa, lakini hesabu ya damu ifanywe pia, na antibiotiki za mshipani zianze bila kungoja. Usimeze parasetamoli ukasubiri asubuhi. Itashusha namba tu. Maziwa mabichi na jibini ya Masisi isiyotoka kwenye maziwa yaliyochemshwa ikae pembeni hadi kemo iishe.

Maumivu ya kifua, ukiwa na pampu: funga kibano. Ukiwa na vidonge: usimeze kingine. Halafu hospitali.

Nani achukue ipi

CAPOX inamfaa anayeishi mbali na hospitali, figo zake zikiwa nzima, anayekula mara mbili, mwenye simu na mtu wa nyumbani wa kumwambia "leo humezi". Kipimo cha figo ni lazima: usafishaji ukiwa 30 hadi 50 ml kwa dakika, dozi inashuka hadi 75%, chini ya 30, kapesitabini haitolewi.

FOLFOX inamfaa asiyeweza kumeza, anayetapika sana, anayehara tayari kwa sababu ya mfuko wa haja wa utumbo mwembamba, anayeishi kwa kazi ya mikono na hawezi kuiacha, au anayesahau dawa. Inafaa pia kama kuna ndugu Kigali wa kumlaza siku tatu kila baada ya wiki mbili, na pesa ya kijisanduku ipo.

Mwenye zaidi ya miaka 70 aulize kama anahitaji oksaliplatini kabisa. Katika umri huo nyongeza yake ni ndogo, na kapesitabini peke yake, 1,250 mg kwa m² mara mbili kwa siku, huwa chaguo halali.

Kubadilisha katikati kunaruhusiwa. Viganja vikipasuka mzunguko wa tatu wa CAPOX, unaweza kuhamia FOLFOX kwa iliyobaki, na kinyume chake. Vidonge vilivyobaki usimpe mgonjwa mwingine wala usivitupe chooni. Virudishe kwenye duka la dawa la hospitali ile ulikovitoa, ndani ya pakiti yake, na idadi yake ikiandikwa juu, kwa sababu daktari ataitumia kujua ulimeza kiasi gani kwa kweli.